Njumu za Februari 2020 na fainali ambazo hazikuchezwa

Katika kibanda kimoja cha viatu mjini Busia, upande wa Kenya, kuna gunia ambalo mwenye kibanda hapendi kulifungua mbele ya wateja. Ndani mna njumu, au daluga kama wengine wanavyoziita, za saizi za vijana wa sekondari. Alizichambua moja moja kule Gikomba, Nairobi, Februari 2020, akazilipia kwa pesa za chama, akazipakia kwenye basi la usiku. Hesabu yake ilikuwa ile ambayo kila mfanyabiashara wa mpakani anaijua. Mchujo wa michezo ya shule ukianza, mzazi anayebana shilingi kwenye sukari habani kwenye viatu vya mtoto aliyechaguliwa timu ya kaunti. Ng'ambo, upande wa Uganda, ni hivyo hivyo, na mteja wa ng'ambo hulipa bila maneno mengi kwa sababu basi la timu limeshawasha injini.

Mama huyu ameuza viatu mpakani kwa miaka mingi na hataki jina lake gazetini. Aliniambia kwamba mwaka ule hakuliwaza gonjwa hata kidogo, aliwaza mvua. Mvua ikizidi viwanja hujaa maji, mechi huahirishwa na njumu hukaa dukani wiki mbili tatu. Hizi zilikaa zaidi ya miaka miwili.

Ijumaa ya Machi 13, 2020, aliyekuwa Waziri wa Afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini humo. Katika tangazo hilo hilo alisimamisha mikutano ya hadhara na shughuli zote za kukutanisha shule na shule. Shule zenyewe, alisema, zingebaki wazi. Wengi wamesahau jambo hili, lakini wanafunzi wa timu hawajalisahau: michezo ilifungwa kabla ya madarasa. Kwa siku mbili kulikuwa na shule bila mechi. Jumapili ya tarehe 15 Rais Uhuru Kenyatta akafunga na shule, za kutwa kuanzia kesho yake, na wa bweni wakatakiwa kuwa nyumbani ifikapo Jumatano.

Majirani walifuata ndani ya juma moja. Rwanda ilifunga shule Machi 16. Tarehe 17 Waziri Mkuu wa Tanzania, Kassim Majaliwa, akatangaza kufungwa kwa shule na kusimamishwa kwa michezo inayokusanya watu, Ligi Kuu pamoja na mashindano ya wanafunzi. Uganda ilifunga Machi 20, hata kabla ya kuthibitisha mgonjwa wake wa kwanza. Burundi peke yake haikufunga shule, na ligi yake ya soka ikawa miongoni mwa chache duniani zilizokuwa bado zinachezwa mwanzoni mwa Aprili. Kwa wiki kadhaa mashabiki wa nchi ambazo hazijui Bujumbura iko wapi walikuwa wakiulizia matokeo ya huko.

Kwa asiye na mtoto kwenye timu, michezo ya shule inaweza kuonekana ni mambo ya likizo. Nchini Kenya muhula wa kwanza ni wa mpira wa kikapu, magongo, mpira wa mikono na raga ya wachezaji 15. Wa pili ni wa soka, voliboli na netiboli. Timu inapanda ngazi: inaanza na shule za jirani, inakwenda kaunti ndogo, kaunti, ukanda ambao zamani uliitwa mkoa, kisha taifa. Anayepita taifa anavuka mpaka na kukutana na mabingwa wa Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi katika mashindano ya shirikisho la michezo ya shule za sekondari Afrika Mashariki, FEASSSA. Tanzania ina utaratibu wake. UMISSETA hushindanisha timu za mikoa, si shule moja moja, na ndiyo maana kijana wa Kagera anaweza kucheza na mwenzake wa shule ambayo mwezi mmoja kabla walikuwa wakitupiana maneno uwanjani. Lakini ngazi ni zile zile. Ukikosa moja, hakuna mlango wa pembeni.

Na juu ya ngazi hizo kuna mambo ambayo hayahusiani na kombe. Shule zenye timu kubwa, Kakamega School na Kwanthanze za Kenya, St. Mary's Kitende na Kawempe Muslim za Uganda, huvuta vijana wenye vipaji kutoka mbali, na vijijini mwetu njia ya mtoto wa maskini kusoma shule nzuri mara nyingi imekuwa miguu yake au urefu wake. Mwalimu wa michezo humwona kwenye mechi za kaunti ndogo na kumnong'oneza mwalimu mkuu, mambo ya karo yakazungumzwa. Makocha wa klabu na wa timu za taifa za vijana nao huja kukaa kwenye nyasi na daftari. Mchujo ni soko. Sisi tunaoishi kwa soko tunajua siku ya soko ikipita mboga zinakuwaje.

Tuchukue mwanafunzi aliyekuwa kidato cha tatu nchini Kenya, Machi 2020. Alirudi darasani Januari 2021, kwa sababu Oktoba 2020 waliorudi ni kidato cha nne, darasa la nane na gredi ya nne tu. Serikali ilikuwa imebana mihula ili kufidia muda uliopotea, mwaka mmoja ukafupishwa na mwingine ukaanza Julai 2021. Katika mbio hizo hapakuwa na nafasi ya michezo ya kitaifa. Akafanya mtihani wake wa KCSE Machi 2022. Michezo ya shule iliporudi kwa ukamilifu baadaye mwaka huo huo, yeye alikuwa nyumbani akisubiri kujua kama amepata chuo. Mkubwa wake wa kidato cha nne alikuwa ameshaondoka mwaka uliotangulia. Madarasa mawili mazima yalipita bila fainali hata moja katika mwaka wao wa mwisho, ambao ndio mwaka wa mchezaji wa shule kuonekana.

Uganda ilikuwa ngumu zaidi. Madarasa ya mitihani yalirudi Oktoba 2020, mengine kwa mafungu, halafu Juni 2021 wimbi la pili likafunga kila kitu tena. Shule zilifunguliwa zote Januari 10, 2022, karibu miaka miwili tangu kengele ya mwisho. Mashirika ya kimataifa yaliiita hali hiyo kufungwa kwa shule kurefu kuliko kwote duniani. Wakati huo huo soka ya watu wazima haikusubiri. Ligi ya Uganda ilikatizwa Mei 2020 na Vipers wakapewa ubingwa. Msimu mpya ukaanza kabla mwaka haujaisha. Vipers wanachezea uwanja wa Kitende, ule ulio kwenye shule ya St. Mary's. Kwa hiyo uwanja wa shule ulirudi kupata mpira kabla ya wanafunzi wengi kurudi kupata ubao. Sisemi ligi isingerudi. Wachezaji wale nao wana watoto wa kulisha. Nasema tu kwamba kwenye foleni ya kurudi, mtoto wa shule aliwekwa nyuma kabisa, na mpaka leo sijasikia aliyeeleza vizuri kwa nini.

Kuna kisa kimoja ambacho kinanirudia kila nikiona wasichana wakicheza. Mwaka 2020 Kombe la Dunia la wasichana chini ya umri wa miaka 17 lilikuwa lichezwe India. Uganda, ambayo kikosi chake cha wasichana kilitegemea sana shule za sekondari, iliitoa Tanzania mwezi ule ule wa Machi ikabaki na hatua moja, mechi mbili dhidi ya Cameroon. Mechi hizo hazikuchezwa. Mashindano yaliahirishwa hadi 2021, kisha Novemba 2020 FIFA ikayafuta na kuipa India fursa ya kuandaa yale ya 2022. Kwenye karatasi ilionekana haki imetendeka: mwenyeji ni yule yule na kombe ni lile lile. Lakini mashindano ya 2020 yalikuwa ya waliozaliwa 2003 na kuendelea. Ya 2022 yalikuwa ya waliozaliwa kuanzia 2005. Msichana wa 2003 au 2004 alikuwa amebakiza dakika 180 afike Kombe la Dunia, akaambiwa asubiri, na alipokuwa akisubiri akawa mkubwa.

Waliofika India Oktoba 2022 ni Serengeti Girls wa Tanzania. Walifungwa na Japan mabao 4-0, kila mtu akasema hayo ndiyo yale yale, kisha wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Kanada na kuingia robo fainali. Mpakani Mutukula watu wa pande zote mbili walishangilia. Ila wapo waliokuwa wakishangilia huku wakihesabu miaka kwa vidole.

Wavulana nao walionja. Desemba 2020 Rwanda iliandaa mashindano ya CECAFA ya chini ya miaka 17 mjini Rubavu, kwa vipimo na bila watazamaji. Uganda na Tanzania zikafuzu kwenda fainali za Afrika nchini Morocco. Machi 2021, siku chache kabla ya kuanza, CAF ikazifuta.

Sasa tuje mpakani, maana hata kama shule zingefunguliwa mapema, mashindano ya Afrika Mashariki yasingewezekana. Uganda ilifunga mipaka kwa watu Machi 23, 2020, ikaacha mizigo tu. Rwanda ilikuwa imefunga siku chache kabla. Mei 16 Kenya ikafunga mpaka wake na Tanzania kwa watu, mizigo ipite dereva akiwa na cheti cha kutoambukizwa. Wasomaji wengi wa ukurasa huu mnaikumbuka Mei ile kuliko mimi: foleni ya malori Malaba iliyonyooka makumi ya kilomita, madereva wakilala chini ya trela siku tatu nne wakisubiri majibu ya kipimo, mabishano ya Namanga juu ya kipimo cha nani kiaminiwe, na nyanya zikioza zikiwa zimelipiwa ushuru. Gatuna ilikuwa na mambo yake kabla hata ya korona. Ilifungwa Februari 2019 kwa mvutano wa Rwanda na Uganda, ikafunguliwa tena Januari 31, 2022.

Mfanyabiashara alipata njia. Wenye mizigo midogo waliokuwa wakivuka kwa miguu na cheti chao cha asili ya bidhaa kilichorahisishwa walijikusanya kumi, kumi na watano, wakapakia lori moja na kumkabidhi dereva imani yao. Wengine walipita njia za panya na wanajua wenyewe walilipa nini. Lakini basi la wanafunzi si mzigo. Huwezi kulifunga kwa turubai ukaliandikia tamko la forodha. Timu ya voliboli haiwezi kupita kichochoroni usiku ikiwa na mpira kwapani.

Kwa hiyo kombe lililonyanyuliwa Arusha Agosti 2019 halikuwa na wa kulipokonya kwa miaka mitatu. Tanzania ilijitahidi kwa upande wake. Ilifungua shule zote mwishoni mwa Juni 2020, na ingawa UMISSETA ya mwaka huo haikufanyika, ya 2021 ilichezwa Mtwara. Waliokuwepo watakuambia ilikuwa furaha. Ila bingwa wa Mtwara hakuwa na pa kwenda baada ya hapo. Alikuwa kama mtu aliyevuna mahindi mazuri, barabara ikiwa imekatika.

Hasara ya biashara ni rahisi kuieleza kuliko hasara ya vijana, labda ndiyo maana tunaieleza mara nyingi zaidi. Mashindano ya kanda hukaa mji mmoja karibu wiki mbili. Timu zinakula, zinalala, zinachapisha majina kwenye jezi, zinanunua soksi, bandeji, maji na vocha. Wazazi na walimu wanakuja na mabasi ya kukodi. Mwenye bodaboda anafanya kazi mpaka usiku. Muuza chapati wa nje ya geti anaomba mkopo mdogo wa unga kabla ya ufunguzi na kuulipa kabla ya fainali. Kwa miaka miwili hakuna mji uliopata wiki mbili hizo.

Muuza viatu alibanwa kotekote. Machi 25, 2020 Uganda ilisimamisha masoko ya vitu visivyo chakula, na wauza chakula wakatakiwa kulala sokoni badala ya kwenda nyumbani na kurudi. Mwenye njumu hakuwa hata na ruhusa ya kutandika turubai lake. Kenya nayo ilizuia uagizaji wa mitumba kwa hofu ya maambukizi, ikaachia Agosti. Ajabu ni kwamba zuio lile lilipandisha bei ya mitumba iliyokuwa tayari nchini. Aliyekuwa na suruali na magauni alipata faida ya haraka. Mama wa Busia alikuwa na njumu, na njumu ni kitu pekee ambacho mtu aliyefungiwa ndani hana haja nacho. Aliuza chache kwa vijana wa shamba waliozitaka kwa matope ya msimu wa mvua. Chama kilimwonea huruma miezi minne, kisha kikaanza kumkumbusha.

Nilimuuliza kwa nini hakuzitupia bei ya hasara mapema akamaliza. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini hakuzaliwa jana. Kila mwezi, alisema, kulikuwa na habari kwamba shule zinafunguliwa. Kila tarehe iliyotangazwa ilikuwa sababu ya kusubiri mpaka ile inayofuata. Nadhani hata wachezaji walinaswa hivyo. Tangu mwanzo hakuna aliyewaambia kwamba mambo yameisha. Waliambiwa wiki mbili, halafu mwezi, halafu muhula ujao, nao wakaendelea kukimbia asubuhi barabarani, mpaka siku moja kijana akaingia machimbo ya dhahabu, mwingine akashika bodaboda, na msichana akawa na mtoto. Waganda wanayo simulizi hiyo kila kijiji na hawahitaji mwandishi wa kuwakumbusha.

Dereva mmoja wa bodaboda pale Busia, upande wa Uganda, alikuwa kiungo wa timu ya shule yake mwaka 2020. Hapendi kuzungumza habari hizo akiwa na abiria. Siku tuliyokaa chini ya mwembe alinieleza jambo moja tu kwa urefu: kwamba mwalimu wao wa michezo alikuwa amewagawia namba za jezi wiki ile ya mwisho, na yeye alipata 8, ambayo alikuwa ameiomba tangu mwaka uliotangulia. Jezi zilibaki shuleni. Shule ilipofunguliwa yeye alikuwa na mkopo wa pikipiki na mke. Hakulalamika. Aliniuliza kama najua nani aliivaa.

Septemba 2022 mashindano yakarudi, na kwa bahati yakarudi Arusha pale pale yalipoachwa. Masharti ya vipimo yalikuwa yamelegea na mabasi yakapita Namanga huku wanafunzi wakiimba. Mwaka 2023 yalikwenda Huye, kusini mwa Rwanda, na mabasi ya kutoka Uganda yakavuka mpaka ambao miaka mitatu kabla ungekuwa ndoto, korona au bila korona. Mwaka 2024 yalikuwa Mbale. Kwa waliokuwa wakitazama kwa jicho la biashara, Mbale ilionyesha jambo: ukitoka Malaba ni mwendo mfupi, na Wakenya wengi wadogo walivuka na mitumba, soksi na vifaa vya kuchapisha jezi.

Ingefaa wanaopanga mashindano haya watangaze mji mwenyeji mapema zaidi na kwa sauti zaidi. Mfanyabiashara anayejua mwaka mmoja kabla anaweza kukodi kibanda, kutafuta kibali cha manispaa ya nchi jirani na kujua ni bidhaa gani itamletea maneno forodhani. Anayejua wiki mbili kabla anafika na gunia na kufukuzwa na askari wa jiji. Na ingefaa pia, siku gonjwa jingine likija, maana magonjwa huja, mawaziri wa elimu na wa michezo wa jumuiya wawe na jibu moja kuhusu kikomo cha umri. Darasa linaweza kufidiwa kwa kubana mihula kama Kenya ilivyofanya. Miaka 17 haibanwi.

Agosti 2025 michezo ikaja Kakamega. Mama wa Busia alifunga kibanda siku tatu, akapanda matatu na magunia mawili, moja la bidhaa mpya, jingine lile la Februari 2020. Ngozi za baadhi zilikuwa zimekauka na gundi ya soli kuachia, akampa fundi azishone upya usiku kabla ya safari. Alikaa nje ya uwanja na turubai lake kati ya muuza mahindi ya kuchoma na kijana wa kuchapisha majina.

Njumu mpya ziliisha siku ya pili. Za zamani aliuza jozi tisa, nyingi kwa wachezaji waliokuwa bado shule ya msingi korona ilipoingia na hawakujua viatu vile vilikuwa vya nani. Zilizobaki alizirudisha Busia, na gunia liko pale pale, nyuma ya rafu ya malapa.